Mdomo wa Mkuu wa Shule

Ulipoliweka gazeti chini juma lililopita, Yar alikuwa amesimama mbele ya meza ya Arkangelo, kaambiwa achague moja: amsaidie kufanya mtihani wa mdomo, au akusanye chaki zake aondoke.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, mambo yalianza hivi. Chuo kikuu kimoja cha nchi jirani kilitoa nafasi moja ya bure kwa shule yao ya binafsi, pale Atlabara, mjini Juba. Ilikuwa stashahada ya kufundisha Kiswahili, inayosomwa kwa njia ya mtandao, na barua ilisema wazi kwamba nafasi hiyo ni ya mwalimu wa Kiswahili. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kiswahili. Ni huyu Yar, binti aliyekulia Kitale akarudi Juba na cheti cha sekondari cha Kenya, bila karatasi nyingine yoyote ya kumtetea.

Arkangelo, mkuu wa shule, aliijaza fomu kwa jina lake mwenyewe.

Kiswahili hakukijua. Alikulia Khartoum. Kiarabu alikuwa nacho, Kiingereza alikuwa nacho, na Kiswahili alikiokota kwa wauza nyanya. Lakini alisikia kwamba umoja wa shule za binafsi unatafuta mratibu wa Kiswahili, mtu wa kupewa ofisi na gari, na kwamba mratibu huyo lazima awe na cheti.

"Wewe nasoma, mimi nachukua cheti," alimwambia Yar siku hiyo. "Mwaka kesho nafasi ingine inakuja. Hiyo iko ya kwako."

Yar akakubali. Usiharakishe kumwonea huruma. Alikubali kwa sababu alimdharau. Alijiambia kwamba mtu mpumbavu namna ile hawezi kumshinda mtu yeyote, achilia mbali yeye.

Basi miezi yote akawa anaingia darasani kwa jina la Arkangelo, kamera imezimwa, akisingizia mtandao mbovu na kuyaandika majibu yake badala ya kuyasema. Arkangelo huyo wa kwenye kompyuta akatokea kuwa mwanafunzi bora wa darasa zima. Arkangelo wa kweli alikuwa akilala mchana ofisini, viatu kavua.

Sasa ulikuwa umebaki mtihani wa mdomo. Kamera wazi, macho kwa macho na mhadhiri.

Yar alichagua kusaidia. Hilo ndilo jibu ulilokuwa ukilisubiri, na halimpi sifa.

Asubuhi ya mtihani Arkangelo alimwita ofisini akamwonyesha kidude cheusi cha kuweka sikioni, kile kisicho na waya.

"Hii naingia kwa sikio. Simu nakaa kwa mfuko. Wewe nakaa kwa stoo, napiga simu, nasema polepole. Mimi nasema kwa nguvu."

"Na ukikosea?"

"Mimi hapana kosea. Wewe iko kasuku, mimi iko mtu."

Yar alimtazama. Anayekwenda kurudia maneno asiyoyajua ni yeye, na kasuku ni mwingine!

"Halafu usifikiri wewe iko na kazi kubwa," Arkangelo aliendelea, akijivika kofia na kuivuta hadi masikioni, katika joto lile la Juba ambalo hata mbwa wanatafuta kivuli. "Mimi nasoma hesabu Khartoum. Kiswahili iko lugha ya jikoni. Lugha ya kuuza vitunguu."

"Sawa, Mudir."

Mudir, yaani mkuu, ndivyo walivyomwita wote pale shuleni, kwa Kiarabu. Alilipenda neno hilo kuliko jina alilobatizwa.

Stoo ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa ofisi, na ukuta wenyewe ulikuwa plaiwudi tu, una ufa wa kuchungulia. Ilikuwa stoo ya Aidah, Mganda aliyewapikia wanafunzi. Aidah alimkuta Yar amekaa juu ya gunia la mchele, simu mkononi.

"Madamu, wewe iko nafanya nini kwa stoo yangu?"

Yar akamweleza. Aidah alicheka mpaka akashika ukuta.

"Banange! Kumbe leo wewe iko ndani ya kichwa yake?"

"Ndani ya sikio tu."

"Hata sikio iko sawa. Sema yeye anunue sufuria kubwa."

Yar akapiga simu, Arkangelo akaipokea. Mara mlango wa ofisi ulifunguliwa. Yar akachungulia kwenye ufa. Aliyeingia ni Mzee Lony, mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu mrefu mwenye fimbo, asiyependa maneno mengi. Arkangelo alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kando ya meza mahali ambapo kamera haifiki, akamsogezea chai.

"Nimekuita uje usikie mwenyewe," alimwambia kwa Kiarabu cha Juba. "Hutaelewa maneno, lakini utaona."

Kwa hiyo mpumbavu alikuwa ameita mtazamaji! Yar alitamani kukata simu pale pale. Akachelewa. Kompyuta ililia, na uso wa mhadhiri, Daktari Namutebi, ukajitokeza.

"Karibu, Mwalimu Arkangelo. Hatimaye nakuona."

"Ahsante sana, Daktari," Yar alinong'ona. "Hata mimi nimefurahi kukuona."

"Ahsante sana, Daktari!" Arkangelo alinguruma. "Hata mimi nimefurahi kukuona!"

Alitamka kama mtu anayesoma bango la onyo getini. Lakini maneno yalikuwa mazima, na Daktari akatabasamu.

"Tuanze. Mtoto anayezungumza Kiarabu cha Juba nyumbani, utamwanzishaje Kiswahili?"

Yar alilipenda swali hilo. Angeweza kulijibu akiwa usingizini.

"Ningeanza na maneno aliyonayo tayari," alinong'ona, akikatakata sentensi kama anayemlisha mtoto mchanga. "Sabuni. Sukari. Kitabu. Samaki. Mtoto atagundua kwamba nusu ya Kiswahili... alikuja nayo kutoka nyumbani."

Arkangelo aliyarudisha yote, na alipofika kwenye sabuni na sukari, maneno aliyoyatambua, akayapiga kwa sauti zaidi na kumkonyeza Mzee Lony.

"Vizuri sana!" alisema Daktari. "Na upatanisho wa kisarufi? Hapo ndipo wanafunzi wengi wa huko wanapokwama."

Yar alivuta pumzi ajibu. Wakati huohuo kuku wa Aidah akaingia stoo, akapanda gunia lililokuwa wazi.

"Fukuza kuku huyo, Aidah, anakula mchele!"

"Fukuza kuku huyo, Aidah, anakula mchele!" Arkangelo aliunguruma, kidole juu.

Daktari aliinua macho.

"Samahani?" Daktari aliuliza.

Jasho lilimtoka Yar. Upande wa pili Arkangelo alikuwa ametulia tuli, anangojea tonge linalofuata, hana habari kwamba ameanguka.

"Huo ni mfano, Daktari," Yar alinong'ona haraka. "Kuku ana uhai. Kwa hiyo tunasema kuku huyo, anakula. Wengi huku husema kuku hii, inakula. Ndiyo maana mimi huanza na kuku."

Arkangelo akayasema. Daktari Namutebi akaangua kicheko.

"Mfano kutoka jikoni! Huo nitauiba, Mwalimu."

Arkangelo alipoona mwenzake anacheka, naye akacheka, kwa kifua, kama bwana harusi. Kule stoo, Aidah alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka.

Yar hakucheka. Kitu kilianza kumchoma. Ule ulikuwa ujuzi wake, ulikuwa mzuri, na sifa zilikuwa zinatua juu ya kofia ya mtu mwingine.

"Nataka sasa tuzungumzie insha yako," alisema Daktari, sauti ikashuka. "Ile ya mama. Nimeisoma kwa wenzangu ofisini. Nieleze kwa maneno yako, alikufundishaje?"

Yar aliiegemeza simu kidevuni.

Insha ile aliiandika akiwa amejisahau. Ilikuwa habari ya mama yake mwenyewe, aliyefika Kenya hajui neno, akajifunza Kiswahili kwa kuuza sukuma wiki, kisha kila jioni akawa anawaketisha watoto wake na kuwauliza: leo mmenunua neno gani? Aliandika jina la Arkangelo juu, akaituma, akajiambia ni kazi ya darasa tu.

"Yala, sema!" Arkangelo alimhimiza kwa mnong'ono, akijifanya anakohoa.

"Mama yangu aliuza mboga Kitale," Yar alisema.

"Mama yangu aliuza mboga Kitale!"

"Alisema kila neno jipya ni shilingi mfukoni."

Arkangelo akalisema, mkono kifuani.

"Alifariki... kabla hatujarudi nyumbani."

"Alifariki kabla hatujarudi nyumbani!" Na akatabasamu. Alitabasamu meno yote nje, kwa sababu aliona Daktari ameinamisha kichwa, akadhani amemvutia.

"Pole sana, Mwalimu," alisema Daktari polepole, akimtazama kwa mshangao.

"Ahsante!" alijibu Arkangelo. Hilo alilijua mwenyewe. Hakungoja kunong'onezwa.

Yar aliiondoa simu mdomoni, akaifunika kwa kiganja. Alihisi kama mtu aliyeona kaburi la mama yake limekaliwa na mlevi.

"Nipe dakika moja," Daktari akasema. "Kuna mtu mlangoni." Akatoka, kiti kikabaki kitupu.

Arkangelo alibonyeza kitufe cha kuzima sauti. Yar ndiye aliyemfundisha kukibonyeza. Kisha akamgeukia Mzee Lony na kujinyoosha, akisema kwa Kiarabu cha Juba, na kila neno likapita kwenye plaiwudi na kwenye simu, mara mbili mbili.

"Umeona? Sasa shule ina mtu wa Kiswahili. Yule msichana wa Kitale simhitaji tena. Muhula ukiisha, khalas."

"Kazi yake nani atafanya?" aliuliza Mzee Lony.

"Mpwa wa mke wangu."

"Uliniambia nafasi ya chuo ya mwaka kesho ni ya Yar."

"Jina la mpwa nimeshalituma." Arkangelo alipiga mkono hewani kama anayefukuza nzi. "Yar ni mtu wa kuahidiwa tu. Ukimwahidi, anafanya kazi. Hawa waliotoka Kenya akili zao zote ziko mdomoni."

Mzee Lony alikunywa chai.

Aidah naye alikuwa ameelewa, maana Kiarabu cha sokoni alikijua vizuri. Akamshika Yar begani.

"Madamu, kata simu. Acha yeye afe peke yake."

"Nikikata atasema mtandao umeharibika, atapewa siku nyingine."

"Sasa?"

Yar alikuwa anafikiri kwa kasi ambayo hajawahi kufikiri darasani. Mdomo wa Arkangelo ulikuwa wake. Angeweza kuutia chochote. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: neno lolote ambalo Arkangelo angelitambua lingemshtua. Kwa hiyo asiguse neno lenye asili ya Kiarabu, asiguse neno la sokoni, asitaje jina lake. Abaki na Kiswahili kile cha ndani ambacho wauza nyanya hawana haja nacho.

Daktari alirudi, akaketi. Arkangelo akaiwasha sauti.

"Swali la mwisho, Mwalimu. Uniambie safari yako katika masomo haya, nawe utakuwa umemaliza."

Yar akaisogeza simu mdomoni.

"Niliyokuandikia hayakutungwa nami," alinong'ona.

"Niliyokuandikia hayakutungwa nami!" Arkangelo alinguruma.

Daktari Namutebi aliacha kuandika.

"Nimejivika manyoya nisiyoyaota."

"Nimejivika manyoya nisiyoyaota!" Akanyoosha mkono kuelekea dirishani, mwanasiasa kamili.

"Na haya ninenayo, ninanong'onezwa."

Hapo alikwama. "Ninango... ningono..." Akarudi nyuma, akajikaza, akalivamia neno upya: "Ninanong'onezwa!" Alipolivuka aliinua kidevu kwa fahari, kama aliyeinua gunia la saruji mbele ya wanawake.

"Aninong'onezaye yuko nyuma ya ubao huu. Mzazi yule aliyezikwa ni wake. Si wangu."

Arkangelo aliyasema yote hadi tone la mwisho. Kisha akakunja mikono tumboni, akatabasamu, akangoja makofi.

Aidah alikuwa amekaa chini sakafuni. Hakucheka tena.

Kwenye ufa, Yar alimwona Mzee Lony akiweka gilasi ya chai mezani, taratibu. Na Mzee Lony, ambaye Yar na Arkangelo walikuwa hawajawahi kumsikia akisema neno la lugha hiyo, alifungua kinywa na kuzungumza Kiswahili cha Eldoret, kilichonyooka kama barabara ya lami.

"Mwalimu, unajua umesema nini?"

Tabasamu la Arkangelo lilibaki usoni, lakini macho yaliondoka.

"Niliendesha lori Eldoret kabla wewe hujaota ndevu," alisema Mzee Lony. "Umemwambia huyu mama kwamba kazi yote si yako, na kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta anakunong'oneza. Yar! Toka huko."

Yar alitoka. Aliingia ofisini simu ikiwa bado mkononi, akasimama mbele ya kamera. Ukitaka kujua, alikuwa na furaha. Ile furaha mbaya, ya kumwona mtu anazama na wewe umesimama ukingoni. Arkangelo alikuwa amevua kofia, kile kidude kinaning'inia sikioni, jasho linamtiririka shingoni.

Furaha hiyo haikufika mbali.

"Wewe ndiye?" aliuliza Daktari Namutebi.

"Subiri kwanza kabla hujanijibu," Daktari akasema tena, akiinua mkono. "Nataka uelewe unachokwenda kujibu. Kosa hili lina watu wawili. Mwenye jina anafukuzwa chuoni. Aliyeandika kwa jina la mwenzake anafungiwa, hatasoma chuoni kwetu miaka mitatu, na sisi na vyuo vingine tunapeana majina. Ni sheria, sikuiandika mimi."

Yar alikuwa amechimba shimo lenye upana wa watu wawili, akadhani ni la mmoja.

"Maneno ya huyu bwana siwezi kuyatumia," Daktari aliendelea. "Ninaona kwa macho yangu kwamba haelewi asemacho. Nahitaji mtu mwenye akili zake aniambie: hii kazi ni yangu. Kikao kikifungwa bila mtu kujitokeza, nitapeleka alama kama zilivyo, kwa jina lililopo. Na alama zilizopo ni za kufaulu."

Arkangelo Kiswahili hakukijua, lakini harufu ya kupona aliijua. Akainama upande wa Yar na kusema haraka, kwa Kiarabu, midomo haichezi.

"Sema si wewe. Nafasi ya mwaka kesho ni yako, naapa kwa Mungu. Mpwa nitamfuta leo leo."

Aliapa! Yar alimwangalia jinsi mtu anavyoangalia kitu kilichomganda kiatuni. Huyu hata uongo wake hakuwa tayari kuubadilisha. Ule ule, maneno yale yale, alioutumia miezi iliyopita, kwa kuwa alijua ulifanya kazi.

Akaigeukia kompyuta.

"Ni mimi, Daktari," alisema. "Insha zote ni zangu. Yule mama ni mama yangu. Kila neno ulilolisoma ni langu, na jina langu ni Yar."

Daktari Namutebi hakujibu.

Hakupepesa hata jicho. Mdomo wake ulikuwa umebaki wazi nusu, mkono umesimama hewani na kalamu yake.

Arkangelo alikuwa akiinuka kutoka chini ya meza, akipangusa goti. Mkononi alishika waya wa mtandao, uliokwisha kuchomolewa.

"Mtandao ya Juba," alisema, akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Mbaya sana."

"Rudisha huo waya!" Yar alimrukia.

Arkangelo alimsukuma kwa bega, akaupiga waya kwa kisigino mpaka kichwa chake cha plastiki kikapasuka. Alifanya hivyo bila haraka. Kisha aliketi kwenye kiti chake, akavaa kofia yake.

"Kikao imefungwa," alisema. "Mimi nimepita. Wewe nakwenda darasani, watoto iko napiga kelele."

Yar alimgeukia Mzee Lony. Machozi yalikuwa karibu, naye hakutaka Arkangelo ayaone.

"Mzee, umesikia. Wewe umesikia kila kitu."

"Nimesikia."

"Basi sema!"

Mzee Lony aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga. Aliporudi alikuwa ametoa simu yake.

"Nambari ya huyo daktari unayo?"

"Ninayo. Lakini simu yangu imeishiwa salio, kule kupiga stoo kumelimaliza lote."

"Chukua hii." Hakuiachia mara moja. Walibaki wameishika wote wawili, yeye upande huu, Yar upande ule. "Sikiliza kwanza, binti yangu. Huyu najua ni mtu wa namna gani, na sasa najua zaidi. Lakini shule hii inaishi kwa wazazi kuiamini. Ukimwambia yule mama kwamba ni wewe, chuo kitakufungia, na mimi siwezi kumsimamisha mbele ya watoto mwalimu aliyefungiwa kwa udanganyifu. Nitakuachisha kazi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Unanielewa?"

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, huyu anapata karatasi yake. Lakini wewe hatakugusa mtu. Mpwa haji. Nafasi ya mwaka kesho nitaijaza mimi, kwa jina lako."

Arkangelo hakuelewa yote, ila neno karatasi alilisikia, na sauti ya mzee aliisoma.

"Kwayis! Vizuri!" alisema, akipiga meza. "Mzee iko na akili. Yar, sikia mzee."

Akamsogezea Yar kiti. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mkuu wa shule alimsogezea kiti.

Yar hakuketi. Alikitazama kile kiti, akamtazama yule mtu mwenye kofia, na kidude cheusi bado kikimning'inia sikioni kama kupe. Mwaka mzima wa kungoja, asome kitu alichokwisha kukisoma, chini ya mtu huyu, akiitwa mratibu, akipita na gari, akifungua mikutano kwa Kiswahili cha kuku hii inakula. Na yule mama wa Kitale atabaki kuwa mama wa nani? Wa huyu, katika majalada ya chuo, milele.

Akisema kweli, atabaki hana kitu. Hakuna kazi, hakuna chuo, miaka mitatu. Na karo ya ndugu yake mdogo, ambayo hakuna mwingine wa kuilipa.

Aliivuta simu. Mzee Lony akaiachia.

Arkangelo aliinuka. "Yar, wewe nafanya nini?"

Alizibonyeza namba moja moja. Simu ilinyamaza, ikanguruma, ikaanza kuita mbali huko, nchi nyingine. Aidah alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, kuku kwapani.

Iliita. Ikaita. Arkangelo akazunguka meza, na Mzee Lony akanyoosha fimbo yake kumzuia njia.

Ikapokelewa.

"Halo?" ilisema sauti ya Daktari Namutebi, kavu, ya mtu aliyekwisha kufunga kompyuta yake na kushika njia ya kwenda nyumbani. "Halo? Nani mwenzangu?"